Jibu: Mama kapewa kidonge kimoja cha presha badala ya viwili

Ndugu, umeuliza kama Mama aendelee na zile amlodipini na losatani zake za zamani juu ya hiki kidonge kipya. La, asichanganye. Soma kwa makini nyuma ya karatasi ya vidonge: ukiona amlodipini mg 5 na losatani mg 50, basi ni dawa zilezile, zimetiwa pamoja tu. Akimeza zote atakuwa anakunywa dozi maradufu, presha ishuke mpaka aone kizunguzungu akiinuka. Za zamani zirudisheni duka la dawa, zisikae kabatini.

Vidonge hivi vya dawa mbili pamoja si vya kubahatisha. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza vidonge vya aina hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Amlodipini hulegeza mishipa, losatani huzuia homoni inayoikaza, na mara nyingi dozi ndogo za mbili hufanya kazi vizuri kuliko dozi kubwa ya moja. Kero yake ni kwamba daktari akitaka kupunguza moja tu, kidonge hakigawanyiki.

Ukikuta hydrochlorothiazide ndani yake, ameze asubuhi. Hiyo hukojoza, na kwenye foleni ya feri Likoni choo utakitafuta wapi!

Diklofenaki za maumivu ya magoti azipunguze, hupandisha presha na kuumiza figo. Na ng'onda, yaani samaki mkavu, jamani, ile chumvi! Miguu ikivimba, au uso na midomo, msingoje kliniki ya mwezi ujao. Uso ukivimba nendeni hospitali saa hiyohiyo.