Kabla hujampakia mkeo kwenye pikipiki kuukuu

Juzi msomaji mmoja wa Kisumu aliniandikia. Amenunua pikipiki kubwa ya safari, ya miaka ya tisini, na anataka kuwapeleka mkewe na mwanawe Kakamega. "Kaka, nianzie wapi?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu, maana kidonda changu bado kibichi.

Mimi nina Honda Transalp ya mwaka 1994. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1987: injini ya silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, cc 583, plagi mbili kwa kila silinda, tanki la lita 18. Kabureta zake nimezisafisha mwenyewe, nimezitandaza juu ya gazeti uani kwetu hapa Nakuru, na sioni haya kusema naijua kuliko mafundi wengi. Mke wangu alikubali kuipanda baada ya kubembelezwa miaka miwili.

Mwezi wa Aprili tukatoka kwenda harusini Kisumu, safari ya kama kilomita 180. Pale Salgaa niliwasha indiketa nikaona inapepesa polepole, kama mtu anayepigana na usingizi. Niliiona kwa macho yangu. Nikajiambia ni baridi, nikavuta mafuta. Tukapita Sachangwan, ambapo mwaka 2009 moto wa lori la mafuta uliua zaidi ya watu 100. Tulipofika Mau Summit tukashika kushoto, njia ya Kericho. Ukungu ukatuvaa, taa ya mbele ikafifia ikawa kama mshumaa, injini ikaanza kukohoa. Kabla ya Londiani ikazima, na mvua ikashuka.

Mke wangu hakulia wala hakugomba. Alisimama kando ya barabara, nguo ya harusi ameikumbatia ndani ya koti, akaniuliza neno moja tu: "Ulijua?"

Sikumjibu. Shemeji alikuja kutuchukua na pikapu, na hadi tunafika Kisumu harusi nzima ilikuwa na habari. Hilo nimelisamehe. Lile swali bado linanichoma.

Nilipofungua kifuniko cha ubavuni niliona kila kitu. Kuna nyaya tatu za manjano zinazotoka kwenye alteneta, inayozalisha umeme, kuuleta kwa regyuleta, kifaa kinachoudhibiti kabla haujachaji betri. Plagi ya plastiki inayoziunganisha ilikuwa imeyeyuka, imepata rangi ya sukari nguru, na waya mmoja ulikatika nilipougusa tu. Regyuleta yenyewe niliuziwa mwaka jana na fundi aliyeniapia kwamba haina tofauti na ya asili. Bei ilikuwa ya kutupa, na mimi sikuipima hata siku moja.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza na mita ya volti. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Washa, uvute mafuta hadi mizunguko 5,000 kwa dakika, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikikwama kwenye 12, betri haichajiwi na unakula akiba yake tu. Ikipita 15, unaikaanga. Kisha iguse ile plagi ya nyaya. Ikiwa ya moto kiasi cha kukuunguza, usitoke nyumbani. Fanya hivyo kila kabla ya safari. Narudia: kila kabla ya safari.

Tairi usizihukumu kwa meno. Tafuta ubavuni zile tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Raba iliyozeeka huwa ngumu, na kwenye lami yenye maji haishiki. Cheni nayo ipime mkeo akiwa ameketi nyuma, mizigo imefungwa, maana uzito hubadilisha ulegevu wake.

Wanaume wenzangu, tunapenda kusifiwa kwamba tumefufua chuma kikongwe. Lakini anayekaa nyuma hana breki wala usukani. Ana mgongo wako tu. Dalili uliyoiona ukanyamaza umemficha yeye. Mwambie, na kama ni kurudi, rudini.

Na mtoto? Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja, na nyote wawili mvae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Usimbane mwanao katikati kama mkate.

Siku ya kwanza mpakie mama peke yake, mpande mlima kutoka Mamboleo hadi Kiboswa tu. Huo mlima utakwambia ukweli wa klachi, na mkirudi mkiteremka utakwambia wa breki. Kagua plagi ya nyaya mkifika juu. Ikiwa baridi, wiki inayofuata endeleeni hadi Kakamega, na kijana aje na matatu mkutane naye stendi.