Kaledupa: samaki tele, barafu hakuna

Ndugu zangu mlioko Tanga, Pemba na Mombasa, mnauliza sana kama ni kweli kwamba huku Wakatobi, visiwa vya Indonesia, mtu anashuka ngazi za nyumba yake akaingia baharini, akarudi na kitoweo, na kodi ya nyumba halipi. Ni kweli. Nyumba za Wabajo, watu wa baharini, wa Sampela, kijiji kilichojengwa juu ya maji mbele ya kisiwa cha Kaledupa, zimesimama juu ya nguzo, na mitumbwi imefungwa chini yake. Lakini mnaouliza hivyo mna nia ya kuja, kwa hiyo mpewe jibu zima: kitoweo cha siku hakikosekani, pesa ndiyo hukosekana, na ukitafuta sababu utakuta mara nyingi ni barafu.

Wakatobi ni silabi za mwanzo za visiwa vinne, Wangi-Wangi, Kaledupa, Tomia na Binongko, kusini-mashariki mwa Sulawesi, Indonesia. Unaruka hadi Makassar, kisha Kendari, kisha ndege ndogo ya Wangi-Wangi. Au unafika Bau-Bau na kupanda meli ya usiku. Kutoka Wangi-Wangi hadi Kaledupa ni boti, saa mbili au zaidi, bahari ikiruhusu. Wenyeji wana neno *musim*, ndilo msimu letu. *Musim timur*, upepo wa mashariki wa Juni hadi Septemba, unavuma miezi ambayo kwenu kusi imeshika. Bahari inachafuka, boti zinalala bandarini siku kadhaa, mchele na petroli vinapanda bei. *Musim barat*, Desemba hadi Machi, huja na mvua na tufani za ghafla. Miezi mizuri ni Aprili, kisha Oktoba na Novemba.

Sasa barafu. Katika joto hili samaki anaanza kulegea ndani ya saa chache. Kanuni ya wavuvi ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na safari ikizidi siku moja ongeza. Kijiji chenye umeme wa saa kadhaa tu usiku, barafu yake ni ya mifuko ya nailoni iliyogandishwa kwenye friza za nyumbani: nje ngumu, katikati maji. Inayeyuka kabla mvuvi hajafika anakovua. Jodari ndiye anayeumiza zaidi, kwa sababu mwili wake hutoka majini ukiwa na moto baada ya kupigana na mshipi. Anatakiwa kuchomwa nyuma ya pezi la ubavuni atoke damu, kuondolewa mashavu na matumbo papo hapo, tumbo lijazwe barafu, kisha alazwe ndani ya deli asiguswe na jua. Ukimwacha joto, nyama inatengeneza sumu ambayo haitoki kwa kupika wala kwa kugandisha. Mlaji anawiva uso, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio. Hapo mnunuzi wa mjini anamkataa samaki, au anampa bei ya ng'onda.

Mwenye barafu, basi, ndiye mwenye samaki. Tajiri mmoja kijijini ana friza, ana deli, ana boti ya kwenda Wangi-Wangi. Anamkopesha mvuvi mashine, nyavu, mafuta, hata mchele wa msimu wa upepo. Riba haandiki popote. Mvuvi analipa kwa kumuuzia yeye peke yake, kwa bei atakayoitaja yeye. Mashine ikiharibika deni linaongezeka, na mtoto anaweza kulirithi pamoja na mtumbwi. Tusimtukane tajiri kabla ya kumwelewa, kwani wakati wa maradhi ndiye pekee anayefungua mlango usiku. Lakini kijana anayetoka nyumbani akidhani ataanza kwa mkopo na kulipa baada ya miezi mitatu ajue kuwa wenyeji wenye ukoo na uzoefu wanalipa kwa miaka.

Mashine yenyewe inaitwa *katinting*: injini ndogo ya petroli ya nguvu za farasi 5 na nusu hivi, inayopozwa kwa hewa, yenye mhimili mrefu unaoweza kuinua rafadha juu ukipita kwenye matumbawe. Inakula lita moja hadi moja na nusu kwa saa. Kinachoiua ni chumvi kwenye plagi, maji ndani ya petroli ya madumu, na bushi ya mhimili iliyolika ikaachwa itetemeke. Mvuvi makini anabeba plagi ya akiba ndani ya chupa iliyofungwa, kamba ya kuwashia, spana na kasia. Kasia hasa.

Kuna njia za pesa ya haraka, na hapa nasema wazi kwa sababu vijana wetu watazipenda. Chewa hai huuzwa hadi Hong Kong, na wanaotakiwa sana ni wa kutosha sahani moja, nusu kilo hadi kilo. Anayewavua kwa mshipi anawapandisha polepole, kwani wakipanda kwa kasi kibofu cha hewa kinavimba na wanaelea chali kizimbani. Wengine hutumia sayanaidi, inayolewesha samaki na kuua matumbawe aliyojificha. Wengine hupiga baruti, balaa mnalolijua kutoka pwani ya Tanzania. Zote mbili ni jinai kwa sheria ya uvuvi ya Indonesia, na eneo hili ni hifadhi ya taifa tangu 1996, karibu hekta milioni 1.4, lenye sehemu ambazo hairuhusiwi kuvua kabisa. Halafu kuna kupiga mbizi kwa pampu ya kujazia matairi: mpira mrefu mdomoni, injini juu ya boti. Moshi wa injini ukivutwa na pampu, aliye chini anazimia. Akikaa kina kirefu na kupanda haraka, hewa iliyoyeyuka kwenye damu inageuka mapovu, na anaamka kesho miguu haina nguvu. Vijiji vya wapiga mbizi vina wanaume wenye miaka thelathini wanaotembelea magongo. Msiiguse kazi hiyo.

Mwani mnaujua. Huku mara nyingi haufungwi kwenye vigingi kama Paje. Kamba inaelea kwa chupa tupu za plastiki, mche wa gramu 50 hadi 100 kila baada ya shibiri, mavuno kwa siku 45. Kilo saba au nane mbichi hutoa moja kavu. Tasi na kasa wanaula, na maji yakipata joto au mvua ikapunguza chumvi matawi yanageuka meupe na kukatika. Ukiona weupe, vuna mara moja kilichobaki, usisubiri siku zitimie. Anika juu ya chanja, kwani mnunuzi hukata uzito akiona mchanga.

Maji matamu ndiyo kazi ya pili baada ya samaki. Visiwa hivi ni mawe ya matumbawe yaliyoinuka. Mvua inapenya yote, na kisima kikivutwa sana kinaingia chumvi. Familia ya watu watano ikitumia lita 20 kila mtu ni madumu matano makubwa kwa siku, na wanaoishi juu ya maji wamezoea kuyafuata nchi kavu kwa mtumbwi, maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakitoka mtumbwi unakwama. Mlizamu mzuri na pipa lenye kifuniko vina thamani kuliko televisheni.

Chakula hakitawatesa. Mchele huja kwa meli, udongo ni mwembamba, kwa hiyo chakula chenyewe ni muhogo: unakunwa, unakamuliwa ndani ya gunia chini ya mawe, unavurugwa, unatiwa ndani ya koni ya ukuti na kupikwa kwa mvuke. Huo ndio *kasoami*. Unga uliokamuliwa vizuri hukaa siku nyingi, wavuvi husafiri nao. Mchuzi wa samaki ni mwepesi, una manjano na ukali wa mbirimbi, na mtu wa Unguja atahisi yuko kwao. Ni nchi ya adhana na futari pia. *Sabun, dunia, waktu, kabar* mtazielewa siku ya kwanza. Muwe waangalifu na *gereja*, ambalo ni kanisa, si gereza.

Kuhusu karatasi: viza ya matembezi hairuhusu kazi yoyote, na uvuvi mdogo umewekewa raia. Mgeni hamiliki ardhi moja kwa moja, sheria ya 1960 imeizuia. Kupitisha siku za viza ni faini ya rupia milioni 1 kwa kila siku, na zikizidi 60 ni kufukuzwa nchini na kuzuiwa kurudi. Njia halali za kukaa ni kama ndoa, masomo au mwajiri anayekuombea kibali. Mkifika kijijini, siku hiyo hiyo nendeni kwa mkuu wa kijiji na pasi mkononi, mseme mmefikia nyumba ya nani.

Anayetaka kuona kwa macho yake aje Oktoba, akae wiki tatu, alipe chakula cha nyumba aliyofikia, abebe dawa za kuhara na za masikio. Na akipiga simu nyumbani akumbuke saa: saa mbili usiku kwenu, huku ni saa saba usiku, na wavuvi wa alfajiri wamelala.