Mkuu, usikanyage kokoto safi!

Mkuu, hongera nitakupa baadaye. Umeandika kwamba Desemba unakwenda Marin, pwani ya California kaskazini ya San Francisco, kujitolea kuhesabu koho, samaki wa jamii ya salmoni, kwenye Lagunitas Creek na vijito vyake. Umeuliza uvae nini, utafikaje huko bila gari, kama kuna posho, na kama cheti chao kina uzito ukiomba kazi. Lakini katikati ya maswali umechomeka sentensi iliyonikosesha raha: kwamba umeambiwa ukiwa majini ukanyage penye kokoto safi, kwa sababu penye kijani panateleza.

Nani kakwambia? Maana nami niliambiwa hivyohivyo, nikafuata.

Sikiliza. Mawe ya kijito hufunikwa na utelezi wa kijani au kahawia. Ukiona sehemu kokoto zimetakata, zinang'aa kuliko za jirani, mara nyingi kuna aliyezisugua, naye ni samaki jike. Analala ubavu, anapiga mkia, kokoto zinanyanyuka na maji yanazisukuma upande yanakokwenda. Shimo likitosha anataga, dume anamwaga mbegu pembeni yake, kisha jike anasogea kidogo upande maji yanakotoka, anachimba tena. Kokoto za shimo jipya ndizo zinazofukia mayai ya shimo la kwanza. Akimaliza, kiota kinabaki na sehemu mbili: shimo upande maji yanakotoka, na tuta upande yanakokwenda. Mgeni huona shimo akadhani mayai yamo mle. Shimo la mwisho ni tupu. Mayai yamo ndani ya tuta, na tuta ndilo lile lililotakata ambalo umeambiwa ukanyage! Kama umewahi kulima viazi vitamu unaelewa: mbegu imo tutani, na mtu hapiti juu ya tuta.

Mimi nilipita. Ilikuwa Januari, msimu wangu wa kwanza, kwenye kijito kingine cha pwani hiyohiyo. Jamaa mmoja aliyejitolea msimu uliotangulia ndiye aliyetupa darasa kando ya gari tukivaa, na alisema kwa kujiamini kabisa: mayai yako shimoni, rukeni shimo, piteni upande maji yanakokwenda, kokoto safi hazitelezi. Nina hasira naye mpaka leo. Angesema tu hajui, ningemsubiri kiongozi wetu aliyekuwa bado anatafuta daftari. Kumbe naye aliokota maneno kwa mwenzake, hakuwahi kuuliza, akayagawa kama elimu. Na msinicheke wakuu, maji ya Januari kule yanauma hadi kwenye mfupa, na mguu uliokufa ganzi huenda popote panapoushika.

Nikaliona shimo, nikalikwepa, nikapiga hatua nne juu ya tuta. Nilihisi kokoto zinatitia chini ya buti, laini, kama mchanga uliotoka kuchimbwa. Kiongozi akainua mkono bila kupiga kelele. Mbele kidogo, chini ya mzizi wa mti, alikuwepo jike mwenyewe, mkia umechubuka ukingoni hadi umekuwa mweupe kwa kuchimba. Alikuwa bado analinda. Nikaona mayai mawili ya rangi ya chungwa yakipita na maji karibu na goti langu.

Kiongozi aliniambia nisimame hapohapo, nitoke kwa njia fupi ya kwenda ukingoni, kisha nimwonyeshe kila nilipoweka mguu. Akaandika, akafunga utepe kwenye tawi, tukaendelea. Hakunikaripia. Jioni ndipo alipotueleza kwamba hata yai lisilopondwa linaweza kufa kwa mtikisiko, hasa kabla macho hayajaonekana kama madoa mawili ndani yake. Jike mmoja hutaga mayai zaidi ya elfu mbili. Sijui nilimaliza mangapi, na hilo ndilo linaloniuma.

Tena si samaki wa kusema wako wengi. Koho wa pwani ya kati ya California waliwekwa kwenye orodha ya sheria ya Marekani mwaka 1996 kama wanaotishiwa, na mwaka 2005 wakapandishwa kuwa walio hatarini kutoweka. Na majike karibu wote hurudi kutaga wakiwa na miaka 3, wanataga mara moja tu, wanakufa. Kwa hiyo majike wa mwaka huu ni watoto wa miaka 3 iliyopita, na mayai utakayoyakuta Desemba ndiyo majike watakaopanda kijito hicho miaka 3 ijayo. Ukiharibu mwaka mmoja, mwaka wa jirani hauji kuziba pengo lake.

Basi kanuni yangu ni moja: ukiona kokoto safi, toka majini. Usiruke, usipite pembeni kwa kubahatisha, usiseme maji yamekuwa mengi huku ukingo una miiba. Panda ukingoni, zunguka, rudi majini mbali kidogo penye mawe machafu. Utateleza, ndiyo, ndiyo maana tunatembea na mkongojo. Kiota kikikaa wiki kadhaa kijani kinarudi juu yake na hukioni tena kwa urahisi, kwa hiyo tafuta pia utepe kwenye matawi kabla hujashuka. Ukikosa uhakika, simama, mwite kiongozi. Sijawahi kumwona kiongozi aliyechukia kuitwa.

Mavazi: suruali ya mpira inayofika kifuani, na nguo za sufu ndani. Nunua miwani inayokata mng'ao wa maji kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu bila hiyo unachoona ni mbingu tu, wala huwezi kulijua tuta. Buti zisuguliwe na kukaushwa kabla ya kuhamia kijito kingine, kuna konokono wadogo wa kutoka New Zealand wanaosafiri kwenye nyayo.

Na huyo aliyekwambia ukanyage penye kokoto safi, mwite hapa kwenye uzi. Nataka aniambie mwenyewe alifundishwa na nani, maana Desemba atakuwa kando ya gari anawafundisha wengine.