Je, Binadamu Ameumbwa Kula Nyama? Na Asiyeila Atachinjaje Idi?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Mwenzangu wa chumbani ni Msabato na hali nyama kabisa. Anasema meno na utumbo wetu ni vya mlaji mimea, na kwamba Adamu bustanini alipewa matunda tu, kwa hiyo kula nyama ni kwenda kinyume na maumbile. Nimeacha nyama miezi minne sasa, na kusema kweli hata harufu ya bucha inanichefua. Mama anasema ninaikufuru neema. Mwaka huu nilinuia kuchinja mbuzi wa Idi kwa pesa ya kibarua changu. Je, ninapata dhambi? Na kuchinja kwangu kutasihi iwapo sili?

JIBU: Waalaykumus salaam wa rahmatullah. Binti yetu, tuanze na mwili, kwa kuwa ndiko alikoanzia mwenzako.

Mtu mzima ana meno 32: manane ya mbele ya kukatia, chonge nne, na magego ishirini. Magego yetu ni mapana na taya letu huenda upande kwa upande, kama linalosaga. Hapo mwenzako kasema kweli. Waislamu wengi humjibu mtu kama yeye kwa kumwonyesha chonge, na jibu hilo ni dhaifu: gorila ana chonge kubwa kuliko zetu mara kadhaa, na chakula chake ni majani na mashina. Ila hoja ya utumbo nayo haimfikishi mbali. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne na hucheua, ndiyo maana nyasi zinamnenepesha. Sisi tuna tumbo moja, na mtu akilishwa nyasi atakufa njaa. Paka yuko upande wa pili: hawezi kuishi bila nyama. Binadamu yuko katikati ya hawa wawili, mwili wake unapokea nafaka, matunda, samaki na nyama. Tena anahitaji vitamini B12, kiasi cha mikrogramu 2.4 kwa siku kwa mtu mzima, na mimea tunayokula haina vitamini hiyo. Imo katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwa hiyo kusema tumeumbwa kwa mimea mitupu si sahihi. Na kusema lazima tule nyama si sahihi pia, maana maziwa na mayai yanatosha kuziba pengo hilo.

Lakini hata kama mwenzako angeshinda mjadala wa meno, hukumu isingebadilika. Tumbo la mwanadamu linameng'enya nguruwe kama linavyomeng'enya mbuzi. Lau maumbile ya tumbo ndiyo yangekuwa hakimu, nguruwe angekuwa halali. Mwili unaonyesha kinachowezekana. Halali na haramu hutoka kwa aliyeuumba mwili na mnyama pamoja.

Naye ametoa ruhusa waziwazi. Katika Suratun Nahl, aya ya 5, ametaja kwamba ameumba wanyama, tunapata kwao joto na manufaa, na baadhi yao tunawala. Mwanzo wa Suratul Maida tumehalalishiwa wanyama wa mifugo, na aya ya 3 ya sura hiyo ikaweka mipaka: mzoga, damu, nguruwe, aliyechinjwa kwa jina lisilo la Mwenyezi Mungu, aliyenyongwa, aliyepigwa, aliyeanguka, aliyepigwa pembe, na aliyeliwa na mnyama mkali, isipokuwa tukimuwahi yu hai tukamchinja. Angalia jinsi ruhusa ilivyofungwa kwa masharti. Roho ya mnyama si mali yetu, tumepewa idhini juu yake, na bismillahi inayosemwa kisu kinapoinuliwa ni kukiri idhini hiyo.

Kuhusu Adamu (a.s.), hoja ya bustani inarudi kwa aliyeitoa. Qur'ani inapoeleza chakula cha watu wa Peponi inataja matunda, kisha nyama za ndege wanazozitamani (Suratul Waqia, aya ya 20 na 21). Na hata katika kitabu anachokisoma mwenzako, Mwanzo 9:3, Nuhu na wanawe wanaruhusiwa kula kila kiendacho kilicho hai. Mweleze kwa upole. Yeye kuchagua mboga ni hiari yake.

Sasa dhambi. Kula nyama ni jambo la mubaha: halali, si faradhi. Mtume (s.a.w.) aliletewa kenge wa jangwani aliyebanikwa, akaurudisha mkono wake. Akaulizwa kama ni haramu, akasema hapana, ila hakuwa katika nchi ya watu wangu na nafsi yangu haimpendi. Khalid bin Walid akamvuta akamla huku Mtume akitazama. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, nayo ndiyo hali yako hasa: nafsi kutopenda kitu si kukiharamisha. Aisha (r.a.) amesimulia kwamba nyumba za Mtume zilikuwa zikipitisha mwezi bila kuwashwa moto, chakula ni tende na maji. Na Umar (r.a.), katika Muwatta ya Imamu Malik, aliwatahadharisha watu na nyama akisema ina uraibu kama wa pombe.

Hatari iko kwingine. Amepokea Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba baadhi ya masahaba walijiwekea nadhiri za ukali: huyu hataoa, huyu hatakula nyama, huyu hatalala kitandani. Mtume akawakataza na akasema anayeupa kisogo mwenendo wake si katika yeye. Kosa lao lilikuwa kuifanya hali hiyo kuwa dini iliyo bora kuliko ya Mtume. Kwa hiyo ukisema "sili, inanichefua" au "daktari amenikataza", huna dhambi. Ukisema "kuchinja ni dhuluma, na Mungu mwenye huruma hawezi kuruhusu", umeingia katika katazo la Suratul Maida, aya ya 87, la kuharamisha vizuri alivyovihalalisha Allah. Jiulize uko upande gani. Mama yako kakaza neno aliposema unakufuru, ila hofu yake ina msingi kama ni hilo la pili.

Neno la pembeni kuhusu afya: kama unakula dagaa, mayai au maziwa, B12 unaipata. Ukiacha vyote, tafuta vidonge vyake, wala usidanganyike kwa kuwa huoni tatizo sasa. Ini huweka akiba ya miaka, na upungufu hujitokeza baadaye kwa ganzi za miguu, kusahau na upungufu wa damu. Madini ya chuma ya maharage na mchicha hunyonywa vizuri zaidi ukikamulia ndimu, na chai ya rangi pamoja na mlo huyazuia. Subiri kama saa moja baada ya mlo ndipo uinywe.

Tuje kwenye mbuzi wako. Kuchinja kwako kunasihi, na kwa madhehebu ya Imamu Shafi ni sunna iliyotiliwa mkazo. Kula katika mnyama wako kumependekezwa tu, kipande cha ini kinatosha, na ukiacha hakuharibu kitu. Kinachotakiwa ni sehemu ya nyama, ikiwa mbichi, iwafikie mafakiri, na ukiwapa yote ni bora zaidi. Lakini chunga ulimi: uliponuia, je, ulitamka "nimeweka nadhiri"? Ukiwa umeweka, huyo wote ni wa mafakiri, wewe na unaowalisha hamruhusiwi kuonja.

Mbuzi awe ametimiza miaka 2. Kondoo mwaka 1 unatosha. Mnadani kila mbuzi ni "mkubwa", kwa hiyo mfunue mdomo: mwenye miaka miwili kwa kawaida ana jozi mbili za meno mapana mbele kwenye taya la chini. Asiwe chongo, mgonjwa, kiguru wala aliyekonda hata uboho ukamwisha. Wakati unaanza baada ya jua la Idi kupanda na kupita muda wa rakaa mbili na hotuba mbili nyepesi, hadi jua kuzama tarehe 13 Dhulhija.

Kama hukiwezi kisu, wakilisha. Mtume alichinja ngamia 63 kwa mkono wake, waliobaki akampa Ali (r.a.). Mwanamke naye akichinja, chinjo lake ni halali. Mnyama alazwe kwa ubavu wa kushoto akielekezwa kibla, na kisu kinolewe mbali na macho yake. Kisu kipite chini ya kongomeo (kile kifundo cha koo) na kikate koo la pumzi na koo la chakula vyote viwili kabisa. Mishipa miwili ya damu ya pembeni ni sunna kuikata, nayo ndiyo inayoharakisha kifo. Makosa mengi hutokea hapa. Kisu butu humfanya mchinjaji ainue mkono na kuanza upya, na akichelewa mpaka mnyama akawa katika kutapatapa kwa mwisho, yule si halali tena. Wengine hupitisha kisu juu ya kongomeo, karibu na taya, wakaliacha koo lote upande wa kiwiliwili bila kukatwa: hapo hakujachinjwa. Wengine huvunja shingo au kuanza kuchuna mguu bado unarusha. Subiri atulie kabisa.

Jambo la mwisho husahaulika kuliko yote. Mchinjaji asilipwe kichwa, ngozi wala nyama kama ujira. Mtume alimkataza Ali hilo. Mpatane ujira wa fedha kabla hajashika kisu, kisha ukitaka kumpa nyama kama zawadi au sadaka, mpe. Na ngozi usiiuze: itoe sadaka au itumie mwenyewe.

Wallahu aalam.