Usimuulize Mtoto Ana Nini, Muulize Amelalaje

Juzi mama mmoja wa Sengerema ameniandikia. Binti yake yuko kidato cha tatu, amekuwa mkimya, chakula anakichokonoa tu. Swali la mama ni fupi: "Mwalimu, niweke programu gani ya akili mnemba kwenye simu yake, inijulishe kabla hajaharibikiwa?" Nikaanza kumjibu kwa mistari mitatu, nikafuta. Jibu langu lina historia, na sehemu yake moja sijawahi kuisimulia hapa.

Nilikuwa mwalimu wa malezi kwenye shule moja ya bweni huku Ilemela. Nasema nilikuwa. Mwaka 2025 nikasoma habari ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Walichukua taarifa za watoto zaidi ya 11,000 waliokuwa wakifuatiliwa tangu wakiwa na miaka 9 au 10, wakaufundisha mfumo wa kompyuta kutabiri ni nani ambaye hali yake ya akili itazorota ndani ya mwaka. Usahihi wake ukafika asilimia 84. Kilichonishika si hiyo asilimia. Ni kwamba picha za ubongo hazikuhitajika, dodoso lilitosha. Na dalili iliyobeba uzito kuliko zote ilikuwa usingizi uliovurugika, pamoja na mambo kama ugomvi wa nyumbani.

Dodoso! Karatasi na kalamu! Mimi ni mwalimu wa hesabu, nikaona kazi hii ni yangu.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kidato cha pili changu kilikuwa na wanafunzi 63. Gawa kwa saba: tisa. Nikaandika maswali, wakajaza wakati wa prepo, majina juu ya karatasi kama mtihani. Nikakesha siku mbili kuingiza majibu kwenye kompyuta, kisha nikaiambia programu: nipe tisa walio hatarini. Ikanipa tisa. Ningeiambia ishirini, ingenipa ishirini. Wala sikuwa na ule mfumo wa Duke. Nilikuwa na programu ya kawaida ya kuchati na kiburi changu.

Printa ya shule ilikuwa mbovu, nikaenda kuchapa steshenari. Nakala ya kwanza ilitoka na wino hafifu, nikaiacha pale kapuni. Simlaumu kijana wa steshenari, karatasi zilizoharibika huwapa mama ntilie. Jumatatu orodha yangu ikarudi shuleni imefungia maandazi.

Kufikia saa nne wale tisa walikuwa na jina jipya: Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Mnajua wenyewe jina hilo likitajwa watu wanamaanisha nini. Mabinti wawili waligoma kuingia bwalo. Mmoja akahamishwa kabisa, na mama yake ndiye aliyeniletea ile karatasi ofisini. Imelowa mafuta, jina la mwanawe linasomeka pande zote mbili. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Hii ndiyo dawa?"

Mkuu wa shule akanivua malezi wiki hiyohiyo. Kwenye kikao mwenzangu mmoja akauliza kama kompyuta yangu nayo imeshapimwa akili. Walicheka sana. Nimesamehe, lakini sijasahau, na najua huwa anasoma humu. Habari ya siku nyingi, mwalimu.

Na bado sijafika kwenye lenyewe. Aliyekuwa anazama hakuwamo kwenye tisa.

Ni kijana wa Ukerewe, mpole, wa kwanza kwenye hesabu. Kwenye dodoso aliandika "nalala vizuri". Wiki tatu baadaye nikiwa zamu, saa nane na nusu usiku, nikamkuta amekaa juu ya jiwe nyuma ya bweni anaangalia ziwa, kule kwenye taa za wavuvi wa dagaa. Nilitaka kumfokea. Sijui nini kilinizuia, nikakaa naye. Nikamuuliza taa ziko ngapi.

"Leo arobaini na mbili, mwalimu. Jana hamsini na sita."

Na juzi? Akanitajia. Akanitajia usiku kumi na moja mfululizo. Kisha akaniambia kwamba mwezi unakaribia kupevuka, wavuvi hawatatoka, na hajui atahesabu nini.

Baba na mama walikuwa wameachana wakati wa likizo, yeye ndiye aliyebeba maneno kati yao. Mama yake akaja kwa meli kutoka Nansio, tukampeleka hospitali ya Bugando kabla mwezi haujapevuka. Sasa yuko kidato cha tatu, analala. Hilo najivunia, hata mkiniona najisifu. Nilimuuliza siku moja mbona kwenye dodoso alidanganya. "Mwalimu, si ulisema tuandike majina?"

Siku hizi ninafanya tena, na vijana wa mtaani kwetu Nyakato, wazazi wao wakiwa wamekubali kwanza. Hakuna majina, kuna namba. Daftari la kujua namba ipi ni nani linakaa kwangu na halijawahi kugusa kompyuta. Maswali matano, matatu ya usingizi. Programu siiulizi nani mgonjwa. Naiomba ilinganishe majibu ya kila namba na majibu yake mwenyewe ya wiki zilizopita. Namba 17 alikuwa anapata usingizi wa saa saba, sasa saa nne. Basi, hapo kazi ya mashine imekwisha, nachukua baiskeli naenda kwao.

Wazazi wenzangu, niwaambie bila kupaka mafuta. Mnaipenda mashine kwa sababu haitawauliza na nyinyi. Mnagombana sebuleni mpaka saa sita usiku, halafu mnataka programu iwaambie mtoto ana nini. Muulizeni amelalaje. Kesho muulizeni tena. Si kwa kumkagua, mkiwa mnachambua dagaa au mnaosha vyombo. Amelalaje, ameamka saa ngapi, alikuwa anawaza nini. Akitaja kufa, msisubiri wiki wala dodoso: siku hiyohiyo hospitali, na usiku huo asilale peke yake. Mtoto mwenyewe akitaka wa kuongea naye, namba 116 ni ya watoto na ni bure.

Mama wa Sengerema, usiweke chochote kwenye simu ya binti kwa siri. Akigundua, atakuandikia "nalala vizuri" maisha yake yote. Anza leo usiku. Amka saa nane, sikiliza mlangoni kwake, asubuhi uliza, andika kwenye daftari. Siku saba. Ukimaliza nitumie, tuangalie pamoja hesabu inasemaje. Jina lake usiniandikie.