Jibu: Kwa nini ngome ya Daulatabad ilitekwa ikiwa ilikuwa imara hivyo?

Ndugu, umeuliza kwa nini ngome ile ya mlimani ya Daulatabad, huko India, ilitekwa mara kwa mara. Jibu fupi ni njaa. Kuta zenyewe hazikuwa na kasoro.

Mlima una urefu wa takriban mita 200, na sehemu yake ya chini ilichongwa ikawa genge lililosimama wima, likizungukwa na handaki lililochimbwa kwenye mwamba. Aliyevuka handaki alikabili njia ya giza yenye kona na ngazi zisizolingana, ambayo walinzi waliweza kuijaza moshi kutoka juu. Kupanda kwa nguvu, sahau!

Lakini ngome hula. Mwaka 1296, wakati mji ukiitwa bado Devagiri, Alauddin Khalji, jemadari kutoka dola ya Delhi, alifika ghafla huku jeshi kubwa la mfalme Ramachandra likiwa mbali. Inasimuliwa kwamba magunia yaliyopandishwa ngomeni haraka yakidhaniwa ni ya nafaka yalikutwa na chumvi. Mfalme akalipa fidia kubwa. Mwaka 1633 Wamughal, watawala wa dola kubwa ya India kaskazini, nao waliizingira miezi kadhaa, chakula kikaisha, ngome ikasalimu amri.

Jina Daulatabad lilitolewa na Muhammad bin Tughluq, sultani wa Delhi, aliyehamishia huko mji mkuu kutoka Delhi mwaka 1327, kisha akaghairi.

Wengi humsahau Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akaja kuwa mtawala halisi wa dola ya Nizamshahi, iliyoishikilia ngome hii kabla ya Wamughal. Ndiye aliyeanzisha mji jirani wa Khadki mwaka 1610, ambao baadaye uliitwa Aurangabad.