Kulala na hema ufukweni Ushongo: msiamini mstari wa jana

Ndugu, umeuliza kama nyinyi wanne mnaweza kupiga hema karibu na maji na kuegesha gari mchangani, usiku mbili, kusini ya Pangani. Mnaweza, ila tazameni mwezi kwanza. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji kujaa na kutoka kupita kawaida, na siku hizo pwani yetu maji hujaa kilele karibu saa kumi jioni, kisha tena saa kumi alfajiri, mkiwa usingizini. Mstari wa mwani mkavu unaouona ni wa jana tu. Bamvua ikiwa bado inapanda, leo maji yataupita. Pandeni hadi penye majani yaliyoota. Lakini si chini ya mnazi! Nazi haina hodi.

Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Jazeni mchanga kwenye viroba, fungeni kamba, fukieni futi moja na nusu.

Gari: punguzeni upepo wa tairi kutoka psi 32 hadi 18 kabla ya kuingia, si baada ya kunasa. Likinasa, usikanyage mafuta, maana tairi itajichimbia kaburi. Chimbeni mbele ya matairi, wekeni mbao. Bebeni pampu ya kurudishia upepo. Kukimbia barabarani na tairi laini kunaipasua.

Maji, dumu tatu za lita 20. Mkifika tu, pigeni hodi kwa mwenyekiti wa kijiji. Ndiye atakayewaonyesha pasipo na usubi.